Miksi ya roki kwenye redio ya setilaiti: jibu kwa ndugu wa Mambrui

Ndugu wa Mambrui, swali lako nimelisoma jana baada ya isha nikacheka peke yangu. Si dharau, wallahi. Ni kwamba hayo yamenikuta. Kwa waliochelewa kufika: kaka yake amerudi kutoka Texas na zawadi ya redio ya gari ya Sirius XM, ile huduma ya Marekani ya redio ya setilaiti. Ameifunga kwenye Probox, kiantena cha sumaku amekibandika juu ya paa, na sasa ni mwezi wa pili kioo kinamwambia hakuna mawimbi. Anauliza antena aielekeze wapi. Halafu mwishoni, kama mtu anayeongezea tu, anauliza jambo lenyewe hasa: atapata wapi mchanganyiko wa roki wa kukonga roho, maana kila anachojaribu kinamrudishia nyimbo kumi zile zile.

La antena ni fupi. Usiielekeze popote. Setilaiti za Sirius XM zimewekwa kuhudumia Amerika Kaskazini, na zile zinazokaa pahali pamoja angani ziko upande wa pili wa dunia, kwetu hazichomozi. Ukipanda hata juu ya nguzo ya Vasco da Gama, kati yako nazo kuna dunia. Fundi hana kosa, waya hauna kosa. Na kaka yako usimvunje moyo, mwambie inaimba vizuri.

Ila waliokujibu kwa kejeli eti setilaiti na Mambrui wapi na wapi, hao nawashangaa. Ngomeni si jirani yenu? Waitaliano walikuwa wakirusha setilaiti kutoka pale baharini, kwenye jukwaa la San Marco, tangu 1967. Tarehe 12 Desemba 1970 ikapaa iliyokwenda kuchunguza eksirei za angani, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu wakaiita Uhuru. Sasa sikiliza ajabu ya pili. Setilaiti mbili za kwanza za XM, kabla haijaungana na Sirius, zilizorushwa 2001, moja waliiita Rock na nyingine Roll, na zote mbili zilirushwa kutoka jukwaa linaloelea kwenye ikweta katika Bahari ya Pasifiki. Hesabu ni ile ile ya Ngomeni: dunia inazunguka kwa kasi zaidi kwenye ikweta, kwa hiyo roketi inaondoka ikiwa tayari imesukumwa bure. Kwa hiyo wazee wetu waliokuwa wakitandaza nyavu Ngomeni waliiona kazi hiyo mapema kuliko wapenzi wengi wa roki.

Mimi roki ya setilaiti nilianza nayo hapa hapa Malindi. Mjomba wangu alikuwa fundi wa madishi, mimi nikimbebea ngazi na msumeno. Kuna hoteli ndogo upande wa barabara ya Casuarina, mwenyewe Mtaliano mzee, alikuwa na redio ya setilaiti ya WorldSpace. Vijana hamkuijua. Setilaiti yake ya Afrika, AfriStar, ilirushwa 1998 ikakaa juu ya longitudo ya nyuzi 21 mashariki, yaani magharibi yetu sisi tulio kwenye nyuzi 40. Antena yake haikuwa sahani. Ilikuwa kibapa kidogo ungekidhania kifuniko cha sanduku la halua. Unakiinua, unakizungusha taratibu, na vile vipande vya mawimbi kwenye kioo vinapanda kimoja kimoja.

Mjomba hakuwa na kipimo chochote. Alikuwa na jua. Aliniambia, mwezi wa tatu au wa tisa, ukitoka msikitini baada ya adhuhuri, subiri ifike kama saa 8 kasorobo, tazama jua lilipo: AfriStar iko hapo hapo nyuma yake. Nikadhani ni hadithi za wazee. Siku hizi nimepiga hesabu kwa kalamu, na mzee alikuwa sahihi kwa tofauti ndogo sana.

Adui yetu pale hotelini hakuwa mvua. Mawimbi ya WorldSpace yalikuwa ya megahezi 1,400 na ushei, mvua haiyadhuru kitu, tofauti na haya madishi ya televisheni ambayo masika ikishuka kidogo tu picha inaganda. Adui alikuwa mkungu. Ulikuwa umesimama upande wa magharibi wa baraza, na majani yake yakilowa, redio inakatika katikati ya gitaa. Mtaliano hakutaka ukatwe kwa sababu ya kivuli. Tukahamisha antena juu ya dari, waya ukapita kwenye makuti, na nikawa nimekaa pale juu nimeshika kibapa wakati mjomba yuko chini anapiga kelele "hapo! hapo! usipumue!"

Ndipo nilipousikia mchanganyiko wenyewe. Kwanza bluzi ya zamani, gitaa moja na mtu anayeimba kama ana mafua. Ikaisha, na kabla sijajua, ikaingia bendi nzito, lakini mdundo ulikuwa ule ule wa bluzi, umevishwa nguo nyingine tu. Kisha mtangazaji akasema maneno machache, nani anapiga besi, na kwamba wimbo wa pili ni mjukuu wa ule wa kwanza. Halafu kitu laini, gitaa la mbao bila umeme. Dakika kumi na tano hivi. Nilishuka na shingo imekaza. Mpaka leo nikisema miksi nzuri, kipimo changu ni dakika zile kumi na tano: kulikuwa na mtu aliyeketi akafikiri wimbo huu ufuatwe na upi, na akawa na sababu.

Nyumbani nilipoanza kupiga mambo hayo, bibi yangu, Mungu amrehemu, akaniuliza, "Mwanangu, huyo aliaye yuwaumwa wapi?" Nikamwambia bibi, huyo Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, amezaliwa Unguja, 1946. Akanyamaza kidogo akikatakata mchicha. "Wa mtaa gani?" Nikasema Mji Mkongwe, wazazi wake Waparsi. "Aa. Basi mwache alie."

WorldSpace iliomba ulinzi wa kufilisika kule Marekani Oktoba 2008 na haikunyanyuka. Ile redio ya Mtaliano mara ya mwisho niliiona imezuia mlango usipigwe na upepo wa kusi.

Miaka kadhaa baadaye nikajikuta Ohio, nikiendesha lori. Ndugu zangu, ukitaka kumjua Sirius XM mpe dereva wa lori. Sheria yao inakuruhusu kuendesha saa 11 kwa siku, na kwenye mahindi yale yasiyoisha redio ndiyo mke, ndiyo mjomba. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini unalalamika nyimbo kumi.

Nilikuwa na daftari la shule, la mistari, nimelichomeka pembeni ya kiti. Kila nikisimama kujaza mafuta au kunywa chai yao ile isiyo na tangawizi, naandika nyimbo nilizozikumbuka, na ule uliorudi naupiga mshale. Chaneli moja, sitaitaja, kwa siku nne wimbo mmoja ulipata mishale saba. Saba! Ulikuwa wimbo mzuri ulipoanza wiki. Kufika Ijumaa nilikuwa namchukia mpiga ngoma kama amenidhulumu shamba.

Baadaye nikaelewa kwamba aliyepanga chaneli ile hakuwa mjinga, ila hakunipangia mimi. Amempangia mtu anayeingia garini dakika 20 kwenda kazini, anayetaka akiwasha tu akutane na wimbo anaoujua. Mtu huyo hasikii marudio, maana keshashuka. Sisi wa saa 11 ndio tunaozunguka na gurudumu lote. Kwa hiyo chaneli yoyote yenye jina la kuahidi nyimbo kubwa za muongo fulani, ijue ni ya mtu wa dakika 20. Si mbaya. Si yako tu.

Zilizoniweka hai ni mbili. Deep Tracks, inayopiga nyimbo za ndani ya albamu, zile ambazo redio za kawaida hazizigusi hata kwa fimbo. Na Underground Garage ya Steven Van Zandt, yule mpiga gitaa wa bendi ya Bruce Springsteen. Huyo bwana anachukua bendi ya miaka ya 60 iliyorekodi kwenye banda la gari, anaibandika na vijana wa juzi, na kati yao wimbo wa akina dada wa enzi za mama yangu, na vyote vinakaa pamoja kama mahamri na mbaazi. Lithium nilikuwa nafungulia usiku, kwa roki ya miaka ya 90, ile ya watu wenye huzuni na mashati ya mirabaraba. Octane ya roki mpya nzito ilinishinda. Baada ya saa moja kila wimbo nauona umeshonwa na fundi mmoja. Wako wanaoipenda, sigombani nao. Hila yangu ilikuwa kuweka vitufe vitatu na kuhama kila nikivuka mji mkubwa, sio kila wimbo ukinichosha. Ukihama kila wimbo huchanganyi, unawinda tu.

Sasa wewe uko Mambrui, si Ohio. Nini kipo?

Baadhi ya ving'amuzi vya kulipia vina chaneli za sauti tupu, na za roki zimo. Setilaiti zake zinaonekana vizuri kutoka kwetu, kwa hiyo kupata mawimbi si tabu, tabu ni chumvi ya bahari kula nati na kichwa cha dishi. Lakini hazina mtu. Nyimbo zinapita kama magari ya mawe kwenda Mombasa, moja nyuma ya nyingine, hakuna anayekwambia kitu. Kwa kufagia nyumba zinatosha.

Kwa kiu yako, achana na angani, ingia kwenye intaneti. Mimi nasikiliza Radio Paradise, kituo cha California kilichoanza 2000, hakina matangazo ya biashara, wasikilizaji ndio wanaochangia. Kina mkondo wake wa roki, na unasikia kabisa kuwa nyimbo zimeshikanishwa kwa mkono: mwisho wa mmoja na mwanzo wa mwingine vinapeana salamu. Wafaransa nao wana kituo cha FIP, na ndani yake mkondo wa roki, ambao unakwenda pembeni zaidi. Vyote bure, na hakuna anayekuuliza uko nchi gani.

Bando ndilo swali, najua. Mkondo wa kilobiti 128 kwa sekunde unakula kama megabaiti 58 kwa saa; ukishuka mpaka 64, nusu yake, na kwa spika za Probox hutasikia tofauti, samahani kwa kusema hivyo. Usiguse ule wa ubora wa juu kabisa ukiwa barabarani, utamaliza bando kabla ya Gongoni. Na programu ya simu ya Radio Paradise inaweza kujihifadhia saa kadhaa za muziki ukiwa kwenye wifi. Mimi naijaza usiku, asubuhi naendesha mpaka Garsen bila kugusa data.

Bado kuna shimo moja ambalo hakuna kati ya hivi kinacholiziba. Roki ya kwetu Afrika. Wazambia walikuwa na roki yao miaka ya 70, magitaa yanayokwaruza kama nazi kwenye mbuzi, bendi kama WITCH na mwimbaji wao Jagari Chanda. Mdou Moctar wa Niger, anayepiga gitaa kwa mkono wa kushoto, albamu yake ya 2021 ukiifungua Sabaki yote itasikia. Kwenye chaneli za Marekani hao sikuwasikia hata mara moja katika miaka yangu yote ya lori. Kwa hiyo nilianza kujitengenezea. Natumia lile somo la darini: kila wimbo uwe na sababu ya kuufuata uliotangulia. Mzambia baada ya bluzi ya zamani, halafu bendi nzito ya Nairobi, halafu mbili laini. Sipangi nyimbo nzito zaidi ya tatu mfululizo, abiria wangu hawavumilii, na ya nne hata mimi hainiingii. Ikikaribia magharibi naweka gitaa tupu lisilo na sauti ya mtu, ili nikizima adhana ikianza nisikate mtu katikati ya neno.

Njoo Jumamosi asubuhi na flashi yako mwenyewe, gigabaiti 32 inatosha sana, nitakumiminia. Na kile kiantena kwenye paa kitoe leo, usingoje mpaka Jumamosi. Kitelezeshe pembeni, usikivute juu. Sumaku inashika chumvi chini yake, na kwa miezi miwili ya hewa ya bahari nakuhakikishia utakuta duara la kutu. Lisugue, lipake rangi, kabla mvua hazijaanza.