Anayelipa bili ana haki ya kuambiwa majibu ya vipimo?
Hapana. Mtoto wa mgonjwa kulipa bili hakumpi haki ya kujua majibu. Hata risiti iangalie: orodha ya dawa pekee inaweza kufichua ugonjwa.

Ukiwa mratibu wa huduma za wagonjwa, muulize mgonjwa ndugu wakiwa nje: nani aambiwe, aambiwe nini, na kipi kisitajwe kabisa. Andika majina, tarehe na mipaka hiyo kwenye faili, kisha uliza upya hali ikibadilika au akipewa rufaa. Fomu ya jumla ya ridhaa anayosaini siku ya kulazwa haitoshi; wengi huisaini bila kuisoma. Ndugu akipiga simu, kata, umpigie kwa namba iliyo kwenye faili.

Kumsikiliza ndugu si kosa, na hapa ndipo waratibu wengi huogopa bure. Anaweza kukueleza dawa anazomeza mgonjwa nyumbani bila wewe kutoa siri yoyote.

Mgonjwa asiyeweza kuamua ni suala jingine: mtafute anayetambuliwa na sheria kumwamulia. Ila uzee, au kukataa matibabu, si ushahidi kwamba hawezi kuamua.