Sanduku la vifaa la zamani: maswali ya mafundi

Nimepata sanduku la chuma la Kennedy, chapa ya Marekani ya masanduku ya vifaa, la droo 7, rangi ya kahawia yenye mikunjo, yaani iliyokunjamana makusudi. Nilipige msasa lote?

Hapana. Mikunjo hiyo ndiyo sura ya masanduku ya kiwanda cha Van Wert, Ohio, na ukiikwangua hairudi kama ilivyokuwa. Toa droo, ziandike namba mgongoni kwa chaki, kwani kila moja imezoea nafasi yake. Lainisha grisi kwa mafuta ya taa na brashi ya nailoni, kisha osha kwa sabuni ya vyombo na ukaushe siku hiyo hiyo. Mara nyingi rangi inayodhaniwa imekufa iko hai chini ya uchafu. Palipobanduka, tumia msasa wa maji tu na uvae barakoa: rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi.

Kutu ndani ya droo niitoeje?

Ile ya juujuu huisha kwa stilwaya laini na mafuta ya mashine. Iliyochimba inataka asidi ya sitriki, gramu 50 kwa lita moja ya maji. Usizamishe droo nzima, maana rangi italegea kwenye kingo. Tandika kitambaa kilicholowa asidi hiyo juu ya kutu, funika kwa nailoni, ukague kila saa. Wengi huharibu hapa mwishoni: chuma kilichotoka kwenye asidi hushika kutu mpya ndani ya dakika chache. Suuza, pitisha maji yenye magadi, suuza tena, kausha kwa hewa ya moto, paka mafuta papo hapo. Bawaba na skrubu zenye zinki usiziweke humo kabisa; asidi huila zinki.

Droo zinakwama hata nikitia mafuta.

Mafuta hunasa vumbi la chuma yakawa kama msasa. Yafute, usugue reli kwa mshumaa. Ikikwama bado, weka rula kwenye reli uone palipopinda. Hapo nyoosha kwa nyundo ya mpira, ukiegemeza kipande cha mbao ngumu.

Felti, kile kitambaa kizito cha kutandika ndani ya droo, niibandike kwa gundi gani?

Gundi nyeupe ya mbao, utando mwembamba, upake kwenye chuma. Ukiipaka kwenye felti hupenya na kuikausha ikawa ngumu. Chuma kipate praima (rangi ya msingi) kwanza, hasa ukiwa pwani, kwani felti hutunza unyevu.

Na kama rangi imeisha kabisa?

Tafuta rangi ya kopo ya mikunjo. Puliza tabaka 3 nzito, la wima, la mlalo, la mshazari, ukiachia dakika 5 katikati. Tabaka jembamba halikunji.