Upinde mfupi wa vichakani: jipimeni kabla hamjanunua

Vijana wangu, juzi tena nimeona mtu ameagiza longbow (aina ya upinde wa jadi) ya inchi 52, ati mfupi haukwami penye nafasi finyu, na kwa sababu kuna Mmarekani kwenye video anawinda nayo ndani ya kijihema cha kujificha, na huyu wetu ni wa futi sita. Nawapenda wallahi, lakini hili nimelisema mpaka koo limekauka.

1. Pima mikono. Inyooshe yote miwili ukutani, ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole, gawanya kwa 2.5, hapo umepata takriban inchi unazovuta upote, yaani kamba ya upinde. Wa inchi 70 anavuta kama 28, na huyo aanzie upinde wa 60, wa 62 ni raha zaidi. Wa 56 waachieni wanaovuta 25 au 26.

2. Pauni zilizoandikwa kwenye upinde, yaani uzito wa kuuvuta, kwa kawaida zimepimwa ukivutwa inchi 28. Ukipita hapo zinapanda, mara nyingi 2 au 3 kwa kila inchi, na upinde mfupi ukikaribia mwisho wa kuvutika pauni zinapanda ghafla. Kuna kijana wetu, simtaji, alinunua wa inchi 54, pauni 50, na yeye anavuta 29. Akaja nao mazoezini Kisauni amejawa na furaha, mishale ya kwanza ikaenda vizuri tu, kumbe anaachia mkono ukiwa bado mbele ya uso. Nikamwambia babangu vuta mpaka kona ya mdomo. Akavuta, mkono ukaanza kutetemeka, upote umepinda pembe kali pale vidoleni, kidole cha juu kikaubana mshale mpaka ukainuka juu ya ngumi. Akasema tatizo glavu, akanunua nyingine nene. Akasema mishale, akabadilisha yote. Alafu akaendelea hivyo hivyo miezi na miezi, sasa hivi hata umpe upinde wa inchi 64 mlaini anaachia mapema, mwili umeshajifundisha kuogopa. Upinde unauzika, hiyo tabia inatoka kwa taabu sana, na kijana ana jicho zuri, ndio maana inaniuma.

3. Sasa hiyo nafasi finyu mnayoisema. Kutoka inchi 66 mpaka 60 umepunguza 6, lakini ni 3 juu na 3 chini. Inchi 3! Ukiulaza upinde kidogo upande unapata nafasi zaidi ya hiyo bila kutoa hata shilingi. Azima upinde, kaa kwenye kistuli chini ya tawi la mwembe, kisha piga goti, weka mshale uuelekeze kwenye shabaha, vuta pole pole na mwenzako aangalie kama ncha ya chini inagusa goti. Na usiachie upote bila mshale, upinde unaweza kupasuka. Hata Wawaata, wawindaji wa jadi wa kule Tsavo, kwenye miiba ile yote, walisifika kwa pinde ndefu na nzito.

4. Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, kwa hivyo sisi hapa shabaha yetu ni magunia, hakuna mnyama anayekukimbia. Haraka ya nini? Anayepanga kwenda kuwinda Afrika Kusini afanye mazoezi akiwa amekaa na amepiga goti, manake ukikunjamana hivyo mgongo haukusaidii vizuri, chukua pauni chache kuliko zile unazovuta umesimama.

5. Usiuache kwenye gari juani pale foleni ya feri Likoni. Gundi inayoshikanisha tabaka za upinde ikipata moto inaachia.

Na wewe mwenye huo wa inchi 52, usiutupe kwa bei ya hasara. Kama pauni zake si nyingi, mdogo wako anayevuta 24 unamfaa kabisa, mlete Jumamosi tumpime.