Barua kwa mwanangu: kabla ya kuuliza nani, uliza lini na wapi

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Ijumaa sikukujibu ipasavyo. Nyumba ilijaa wageni, na swali lako si la kujibiwa mlangoni mtu akiwa anavaa viatu. Uliniambia kwamba tangu karani mpya wa entri, yaani karatasi za kuutangaza mzigo kwa forodha, aajiriwe hapo kampuni yenu ya kutoa mizigo bandarini, wateja wanalalamikia gharama za kuchelewa. Mkurugenzi ameshaamua kijana ni mzembe, ofisi nzima inaitikia, na wewe msimamizi wake umetakiwa uandike barua ya kumwachisha kazi kabla mwezi haujaisha. Ukaniuliza: "Baba, nitajuaje kama tatizo ni mtu au ni kazi yenyewe?"

Nashukuru umeuliza kabla ya kuandika. Barua ya namna hiyo ikishatoka, hata ukija kugundua ukweli mwingine, kijana wa watu atakuwa ameshazunguka Mombasa nzima akitafuta kazi na jina limeharibika.

Nianzie kwenye pesa, maana ndizo zilizoleta maneno. Umesema daftari lenu linaweka gharama zote za kuchelewa katika safu moja. Safu hiyo moja inaficha mambo mawili tofauti. Bandari ina ada yake ya kuhifadhi: siku za bure zikiisha inaanza kuhesabu, na hesabu inakoma kontena likitoka getini. Kampuni ya meli nayo ina ada yake, kwa sababu kontena ni mali yake, na hesabu yake haikomi getini. Inaendelea mpaka kontena tupu lirudishwe kwenye yadi waliyoielekeza. Sasa jiulize, karani wa entri anagusa wapi? Anashika karatasi za forodha. Kontena likishavuka geti, yeye hana tena la kufanya. Kama lilikaa wiki nzima uani kwa mteja kule Meru kwa kukosa watu wa kushusha mzigo, au lori lilirudi likakuta foleni ya matupu imeziba barabara, bili itakuja vilevile, na itafungwa kwenye faili yenye sahihi ya yule kijana.

Kwa hivyo kazi yako ya kwanza ni kuichana safu hiyo. Chukua bili moja moja uandike: hii ni ya kabla ya geti, hii ni ya baada ya geti. Ukikuta pesa nyingi zimepotea baada ya geti, basi mnataka kumfukuza mtu kwa jambo lililotokea akiwa hayupo, na mwezi ujao bili zitakuja kama kawaida.

Zile za kabla ya geti nazo usizichukue kwa mkupuo. Kila faili ina tarehe zake: siku mteja alipoleta karatasi, siku meli ilipofunga gati, siku entri ilipoingizwa kwenye mfumo wa forodha, siku ushuru ulipolipwa, siku ya ukaguzi kama ulikuwepo, siku kampuni ya meli ilipotoa idhini ya kukabidhi mzigo, siku kontena lilipotoka, siku lilipofika kwa mteja, siku tupu liliporudi. Zipange zote kwenye mstari mmoja. Usiandike maelezo wala jina la mtu, andika tarehe tu. Halafu angalia pengo refu liko baina ya tarehe gani na gani. Nakwambia hivi kwa sababu maelezo kila mtu anayo na kila mtu anayasema kwa sauti kubwa, ila tarehe iliyopigwa muhuri haimpendelei mtu.

Hapo kuna mtego, na huu ndio nataka uutazame sana. Faili zilizoko mezani kwa mkurugenzi ni zipi? Ni zile ambazo wateja walipiga simu kulalamika. Zile zilizotoka salama zimerudi kabatini na hakuna anayezikumbuka. Ukizichunguza mbovu peke yake, kila unachokiona ndani yake kitaonekana kuwa ndicho chanzo. Utakuta sahihi ya kijana katika zote na utasema basi, ni yeye. Lakini kama sahihi yake iko pia katika zote zilizotoka salama, sahihi hiyo haijakwambia kitu.

Wenye elimu kubwa kuliko sisi wamenaswa hapohapo. Tarehe 28 Januari 1986 Wamarekani walirusha chombo chao cha anga, Challenger. Kilipasuka sekunde 73 tu baada ya kuruka, na watu wote 7 waliokuwemo wakafa. Kilichofeli ni mpira wa kuziba kiungo katika roketi ya pembeni, mpira ambao kwenye baridi hukakamaa na kuchelewa kuziba. Usiku wa kuamkia siku hiyo wahandisi walikuwa wameingiwa na hofu juu ya baridi, na kukawa na mjadala mrefu. Zikapimwa safari za nyuma ambazo mipira ilionyesha kuharibika, ikaonekana nyingine zilirushwa kwenye baridi na nyingine kwenye joto. Kwa hesabu hiyo hali ya hewa haikuonekana kuwa na kosa, na wakubwa wakakiruhusu chombo ingawa wahandisi walishauri kisirushwe. Baadaye tume ya uchunguzi ikafanya jambo dogo: ikaingiza na safari ambazo mipira haikudhurika. Picha ikabadilika. Katika safari 20 zilizorushwa viungo vikiwa na joto la nyuzi 19 za Selsiasi hivi kwenda juu, ni 3 tu zilizokuwa na madhara. Katika safari 4 za nyuzi 17 kwenda chini, zote 4 zilidhurika. Taarifa ilikuwepo tangu mwanzo, ila ilikuwa kwenye faili za safari ambazo hazikulalamikiwa.

Basi wewe ukitoa faili 20 mbovu, toa na 20 nzuri za miezi ileile. Na uhesabu kwa uwiano. Kama kijana anashika faili 60 katika kila 100, na katika makosa 10 yake ni 6, huyo hajafanya vibaya kuliko wenzake. Amebeba mzigo mkubwa zaidi, ndiyo maana jina lake linatajwa mara nyingi.

Halafu hili neno "tangu aje". Amekuja mwezi fulani, gharama zikapanda mwezi huohuo. Sawa. Ni nini kingine kilichobadilika wakati huo? Wewe mwenyewe uliniambia mlipata wateja wapya wa bara, na kwamba mwenye malori mliyemzoea mliachana naye kwa ajili ya bei. Masika nayo yaliingia, na unaijua Changamwe ikinyesha, malori yanavyolala barabarani. Mambo hayo yote yameingia mlango mmoja na huyo kijana, ila yeye ndiye mwenye uso na jina, na uso na jina ni rahisi kulaumiwa.

Utaambiwa "lisemwalo lipo". Mimi methali hiyo naiheshimu mahali pake, lakini nimeiona ikitumika gatini kama ushahidi wa kumla mtu. Miaka yangu ya ukarani wa tali, yaani kuhesabu mizigo, pale Kilindini, kabla makontena hayajachukua kila kitu, mchele na sukari vilishushwa kwa magunia, slingi moja moja, yaani fungu la magunia linaloinuliwa kwa kamba mara moja. Kulikuwa na kipindi hesabu ya melini na hesabu ya bohari zilikataa kukutana. Kila meli, magunia kadhaa yalipungua bohari. Maneno yakaenea kwamba genge la usiku linaiba. Usiku wakubwa hawapo, na wale wa usiku wengi wao walikuwa vibarua wasio na wa kuwatetea, kwa hivyo hakuna aliyeona haja ya kuuliza zaidi. Baadhi yao wakasimamishwa.

Mnyapara mmoja hakubishana na mtu. Aliomba karatasi zote za tali, za mchana na za usiku, akaziweka pamoja akatafuta ni saa ngapi tofauti inaanza. Zote zikajikusanya kwenye saa ya kubadilishana zamu. Slingi ikiwa hewani wakati zamu inakwisha, karani anayetoka aliiandika kwa kuwa aliiona ikiinuliwa, na anayeingia aliiandika tena kwa kuwa aliiona ikitua. Magunia yaliyosemwa yameibwa hayakuwahi kuwepo. Ikawekwa kanuni kwamba slingi ya mwisho ni ya anayetoka, na makarani wote wawili watie sahihi hapo. Upungufu ukakoma. Waliosimamishwa sikuwaona tena gatini. Jambo hilo lilinikaa moyoni mpaka leo, na ndilo linalonifanya nikuandikie kwa urefu huu.

Tuna aya ya 6 katika Suratul Hujurat inayotuamuru tukiletewa habari na mtu asiyeaminika tuichunguze, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Siku hizi kwenye semina mnaambiwa hii ni fikra tunduizi. Jina lolote utakaloiita, wajibu wake ni uleule.

Ukishapata pengo refu liko wapi, uliza kwa nini, na usiridhike na jibu la kwanza. Taiichi Ohno, mhandisi wa kampuni ya magari ya Toyota, aliwafundisha watu wake kuuliza kwa nini mara tano. Jaribu kwenye faili moja. Kwa nini mteja alilipa? Kontena lilikaa bandarini. Kwa nini? Entri ilichelewa kupita. Kwa nini? Forodha waliirudisha, maelezo ya bidhaa hayakulingana na ankara. Kwa nini? Ankara ililetwa meli ikiwa imeshafunga gati, na karani akaijaza mbio mbio. Kwa nini ililetwa siku hiyo? Kwa sababu hakuna aliyemwambia mteja kwamba entri inaweza kuingizwa kabla meli haijafika. Ukikomea jibu la tatu unaandika barua ya kufukuza. Ukifika la tano unaandika ujumbe kwa wateja. Ila nakuonya: huo ni mnyororo wa faili moja, na kila jibu lidai karatasi yake, maana mtu mwenye hasira anaweza kuuliza kwa nini mara tano na kila mara akajijibu alichotaka.

Kijana mwenyewe naye umemsikiliza? Usimwite ofisini ukafunga mlango. Kaa naye kwenye meza yake umwambie, "Nionyeshe entri inavyokwenda tangu karatasi zinapofika." Ukimuuliza kwa nini umechelewa, atajitetea. Ukimwambia akuonyeshe, utaona anavyongoja, anamngoja nani, na anachokirudia mara mbili.

Sasa, huenda kweli ni yeye. Usiingie kwenye uchunguzi ukiwa wakili wake. Kabla hujafungua faili hata moja, andika ni nini kitakachokufanya ukubali kwamba kosa ni lake: kwa mfano, entri zake zinarudishwa na forodha mara nyingi kuliko za wenzake, kwa karatasi zilizofika mapema na mizigo ya aina moja. Ukiyakuta hayo, yakubali, na hapo utakuwa na la kumwambia lenye ushahidi, na pengine mafunzo ya wiki mbili yatatosha. Ukiandika sharti lako baada ya kuona majibu, utalikata lifae unachokitaka.

Kuhusu mkurugenzi, usimpinge mbele ya watu. Ameshalisema jambo hilo hadharani, na mtu mzima akibanwa hadharani hushikilia neno lake hata akiona limepinda. Mwendee asubuhi, peke yake, umwambie unataka wiki mbili ili uamuzi wake uwe na msingi ambao mteja wala mahakama haitautikisa. Hilo la mahakama si la kumtisha, ni kweli. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utendaji mbovu au utovu wa nidhamu, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na asikilize utetezi wake, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe. Kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri azithibitishe sababu zake. Kwa hivyo hata kama mkurugenzi yuko sahihi, barua aliyokutuma uandike sasa inaweza kumrudia.

Mpelekee karatasi moja tu. Juu yake iwe: kabla ya geti shilingi kadhaa, baada ya geti shilingi kadhaa. Chini yake pendekeza jaribio dogo. Kwa mwezi mmoja, wateja watano waombwe kuleta karatasi kabla meli haijafika, na mtu mmoja apewe kazi ya kufuatilia matupu mpaka yadini. Wengine waendelee kama kawaida. Mwisho wa mwezi mtalinganisha, na mkurugenzi atakuwa na kitu cha kuwaonyesha wateja badala ya kichwa cha mtu.

Ukimaliza kuzipanga tarehe njoo nazo Jumapili. Njoo mapema kabla ya joto, tukae nazo kibarazani. Leta na zile faili nzuri. Na uniulizie kwa mwenye malori mpya anarudisha matupu saa ngapi, maana hapo pananitia shaka kuliko pengine popote.

Babako