Muulize Fundi: Turbo inakunywa, bei inapanda, niweke premiamu au ya kawaida?

SWALI: Habari fundi. Nipo Njiro hapa Arusha, nina Forester XT ya 2009, ile SH5 yenye turbo, nimeichukua kwa mtu mwaka jana na gari kwa kweli naipenda, shida ni wese. Zamani nilikuwa nasema full tanki bila kuwaza, sasa hivi nikiwa sheli naangalia namba zinavyokimbia mpaka natamani kugeuka. Sheli ya karibu na home wana petroli mbili, ya kawaida na nyingine wanaiita premiamu, imezidi kama shilingi mia tatu kwa lita. Aliyeniuzia aliniambia hii lazima iwe premiamu, fundi wangu wa Unga Limited anasema petroli ni petroli nisiibiwe. Juzi nikaweka ya kawaida nikaenda nayo Karatu, pale kwenye kona za kupanda ukitoka Mto wa Mbu nikasikia kama mtu anatikisa sarafu kwenye kopo, nikiachia mguu inakata. Nimsikilize nani? *Chalii wa Njiro*

JIBU: Msikilize aliyekuuzia, ingawa wauza magari mimi siwaamini kwa mengi. Huo mlio ndio jibu lenyewe kaka, gari ilishakujibu kabla hujaniandikia.

Iko hivi. Ndani ya silinda petroli na hewa vinatakiwa viwake pale plagi inapopiga cheche, moto uanzie hapo usambae. Sasa mchanganyiko ukikandamizwa sana na joto likazidi kuna sehemu haisubiri zamu yake, inajilipukia pembeni huko, hizo ndizo sarafu zako. Okteni ni namba inayoonyesha petroli inavumilia kiasi gani kabla ya kujilipukia, basi, haikuambii ina nguvu gani wala ni safi kiasi gani, na haichelewi kuisha kwenye tanki kama watu wanavyodanganyana.

Turbo kazi yake ni kushindilia hewa kwenye silinda, kwa hiyo joto na mkandamizo vinapanda, ndio maana hiyo injini yako, EJ20, Subaru waliiandikia haioku, petroli ya juu ya Kijapani. Kwa viwango vyao haioku lazima ifike RON 96 (RON ni kipimo cha hiyo okteni) na kwenye pampu mara nyingi inakuwa 98 hadi 100, wakati ya kawaida yao inaanzia 89. Kwa hiyo Mjapani alivyopanga hiyo injini alihesabia kitu kama 98, na hata hiyo premiamu ya mtaani kwako inawezekana haifiki huko. Muulize anayekujazia namba, asikwambie jina. Premiamu ni jina, kila mtu anaweza kuliandika kwenye bango. Akikwambia "hii ina dawa ya kusafisha" hajajibu ulichouliza, dawa ni kitu kingine na okteni ni kitu kingine.

Fundi wako hajadanganya asilimia mia. Gari ina sensa inayosikiliza huo mlio wa kugonga, ikiusikia kompyuta inachelewesha cheche kidogo, mlio unakata, unapoteza nguvu na wese linaenda zaidi. Kwa hiyo kwa kwenda kazini na kurudi, foleni ya Clock Tower, unaweza ukatumia ya kawaida muda mrefu usione kitu. Ila ukiusikia kwa sikio lako mwenyewe ukiwa ndani, vioo umefunga na redio inaongea, ujue mara nyingi sensa imeshazidiwa au yenyewe ni mbovu, kwa hiyo kabla ya yote ipeleke ikapimwe kwa mashine.

Kinachokufa kwenye Subaru za turbo, hasa zile za 2.5, ni pistoni, ule ukingo mwembamba ulioko kati ya ringi na ringi. Nimezishika sana hizi. Ukiichomoa ukaifuta oili unakuta kipande kidogo kama cha ukucha kimemeguka pembeni, sehemu nyingine yote ya pistoni iko safi inang'aa, ungeweza kudhani imetoka kwenye boksi. Hicho kipande ndicho kinachokuletea moshi wa bluu asubuhi na kompresheni ya silinda moja kushuka, na hapo hakuna cha kuziba wala kulainisha, injini inashuka chini. Sasa piga hesabu, ukijaza lita 40 hiyo mia tatu ni elfu kumi na mbili. Inauma, sikatai. Nenda kaulize bei ya injini ya EJ used ya turbo ikiwa kamili halafu tuongee.

Pa kubana ni mguu. Turbo ikiwa haijaingia hiyo gari haina tofauti kubwa na Forester ya kawaida kwenye unywaji, ikiingia ndio inakunywa kweli, na barabara ya Arusha Moshi na vibao vyake vya 50 na tochi za trafiki kila baada ya hatua hizo nguvu unaenda kuzitumia wapi? Mlimani usiikanyage injini ikiwa chini chini kwenye gia kubwa, hapo ndipo inapogonga kuliko popote, shusha gia izunguke. Halafu fungua boneti uangalie intakula, kile kinachopooza hewa ya turbo, iko pale juu chini ya tundu la boneti, kama umeenda Karatu wakati wa vumbi utakuta mapezi yameziba, hewa inaingia ya moto na hewa ya moto inadai okteni zaidi. Na kama inakula oili shughulikia mapema, oili ikiingia kwenye silinda inashusha okteni ya petroli yako hata uwe umenunua ya bei gani.

Ukikwama mahali hakuna ya juu weka ya kawaida, endesha mdogo mdogo, usibebe watu saba na mizigo. Haitakufa siku hiyo.

SWALI: Fundi za kazi? Mimi nipo Soweto, Moshi, natumia Mark X ya 2011 ile 2.5. Mzee nyumbani anasisitiza iwekwe premiamu kwa sababu ni V6 na anasema inasafisha injini. Anayesisitiza ni yeye, anayelipa sheli ni mimi. Nisaidie. *Mama wa Watatu*

JIBU: Nzuri dada yangu, poleni na bei. Mzee hajakosea gari, amekosea toleo. Mark X ya kwanza, GRX120, ile 2.5 yake ilikuwa ya premiamu kweli, nguvu za farasi 215. Ilipokuja GRX130 mwaka 2009, ambayo ndiyo yako, Toyota waliipanga upya hiyo injini itumie petroli ya kawaida, farasi wakashuka hadi 203. Iliyobaki kwenye premiamu ni 3.5. Usiniamini mimi, fungua kifuniko cha tanki usome kibandiko, kama ni Kijapani kitupu piga picha kwa simu utafsiriwe, hiyo kazi ni ya dakika moja na itamaliza ugomvi wa nyumbani.

Na petroli ya kawaida ya Wajapani niliyosema hapo juu ni RON 89 kwenda mbele kidogo, sio namba kubwa ya kukutisha.

Hilo la kusafisha sasa. Injini yako, 4GR, inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti kwenye valvu za kuingiza hewa. Uchafu mweusi unaowatesa wenye hizi gari unakaa nyuma ya hizo hizo valvu, kwa hiyo hata uweke petroli yenye dawa ya ajabu haifiki huko, labda inasafisha nozeli. Valvu zinasafishwa kwa mkono gereji.

Kuna kitu kingine watu wa kwetu hawakifikirii. Arusha tupo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi chini kidogo, 800 na kitu. Hewa ya juu ni nyepesi, gari isiyo na turbo silinda haijai sawasawa (ndio maana inakuwa nzito kidogo, unapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000), na isipojaa mkandamizo unapungua, kwa hiyo inadai okteni ndogo kuliko ikiwa pwani. Marekani kwenye majimbo ya milimani wanauza mpaka 85 kwa namba zao wakati kwingine ya chini ni 87. Kwa hiyo dada Mark X yako ikiwa Moshi ina unafuu wa bure. Wa turbo msifurahie, turbo inaijaza hiyo hewa iliyopungua, unafuu kwenu haupo kihivyo.

Mwambie mzee pia kwamba chama cha wenye magari Marekani, AAA, walipima mwaka 2016 magari yanayotumia ya kawaida wakayawekea premiamu, hawakuona faida. Mwaka 2017 wakapima yale ambayo mtengenezaji anapendekeza premiamu lakini halazimishi, wastani ukawa wese kupungua asilimia 2.7 na nguvu kuongezeka 1.4. Hata hao sasa, lita ikiwa karibu elfu tatu na premiamu imezidi mia tatu, unalipa asilimia 10 upate mbili na kitu. Hiyo hela nunua plagi nzuri na filta ya hewa, chenji inayobaki ya kwako.

SWALI: Oya fundi, nina Altezza RS200 manyuo, napiga nayo Sakina hadi Ngaramtoni kila siku. Bei zimenishinda, kuna mshkaji ananiuzia petroli kwa dumu bei poa, halafu naongezea ile dawa ya okteni ya kwenye chupa, inasema inapandisha pointi 7. Si ni sawa na premiamu? *Dogo Altezza*

JIBU: Hapana mdogo wangu, na hii nitakuwa mkali. Injini yako, 3S-GE ya manyuo, ina kompresheni 11.5 kwa 1, haina turbo lakini inakandamiza kuliko Forester ya huyo kaka wa Njiro, ni injini ya premiamu moja kwa moja. Hizo pointi 7 za kwenye chupa si namba 7, pointi moja wanayohesabu wao mara nyingi ni sehemu ya kumi ya okteni, kwa hiyo umeongeza 0.7. Ukiwa na 91 umepata 91.7 na hela ya chupa imeenda. Nyingi ya hizo dawa zina manganizi, ukizitumia mfululizo chomoa plagi uone, ile ncha nyeupe inageuka rangi ya kutu.

Ila hiyo chupa ndio shida ndogo. Dumu la mshkaji limetoka wapi? Petroli inayochanganywa mafuta ya taa ndio muuaji mkubwa wa hizi injini, mafuta ya taa okteni yake iko chini sana, changanya kidogo tu injini yenye kompresheni 11.5 inaanza kugonga hata tambarare. Uchakachuaji ulikuwa mkubwa mpaka mwaka 2010 EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wakaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta, yaani alama ya kutambua yaliyochanganywa, na 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili tamaa ya kuchanganya iishe. Kwenye dumu hakuna wa kukupimia kinasaba. Bora ya kawaida ya sheli yenye foleni ya daladala, tanki lao halikai na mafuta ya zamani, na udai risiti kila ukijaza, siku gari ikizingua una pa kuanzia.

SWALI: Naangalia video za Wamarekani wenye Golf GTI kama yangu, wanasema weka 91 au 93. Huku nasikia 95. Sasa yetu ni bora kuliko yao? *Mzee wa GTI, Usa River*

JIBU: Shikamoo mzee. Hapana, wanahesabu tofauti. Wao wanachukua wastani wa vipimo viwili, sisi na Ulaya tunatumia RON peke yake ambayo inatoka kubwa. 87 yao ni kama RON 91 au 92, 91 yao ni kama 95 au 96, 93 yao ni kama 98. Fungua kifuniko cha tanki, VW wa Ulaya wanaandika wazi 95 au 98, fuata hiyo. Ukishuka nayo Tanga au Dar, joto la kule na hewa nzito, usibanie hata kidogo.

SWALI: Bei inapandaga kila mwezi, hakuna njia? Nasikia Kenya ni nafuu, nipo Moshi mjini na Impreza ya turbo, si bora niwe najazia ng'ambo ya Holili? *Mkereketwa*

JIBU: EWURA wanatoa bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Wakenya wanabadilisha tarehe 14, kwa hiyo usichukulie kwamba kwao ni nafuu siku zote. Huku kaskazini mafuta mengi yanapitia bandari ya Tanga na bei inapangwa mpaka wilaya, piga *152*00# ufuate maelekezo uone ya wilaya yako, sheli ikizidisha unayo haki ya kugoma. Na mnaolia leo kumbukeni Agosti 2022, Dar ilifika 3,410 kwa lita na hapo serikali ilikuwa inaweka ruzuku.

Holili kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 70, Impreza ya turbo inaweza kukulia lita nane, tisa, kama elfu ishirini na tano hivi. Ukikuta kwao nafuu shilingi mia kwa lita na ukajaza lita 50 umeokoa elfu tano. Foleni ya mpaka sijaihesabu.