Gia ya Usukani Ikilegea, Usikimbilie Kununua Mkono Mpya

Pikapu yangu ni ya zamani, ya gia tatu, na mkono wake wa gia uko kwenye usukani. Ulipoanza kulegea, kila aliyepanda alikuwa na ushauri, na karibu wote waliniambia ninunue mkono mwingine. Sikununua. Mkono wenyewe ni fimbo ya chuma, na chuma kile hakiliki upesi. Kinacholika kwanza ni pini inayoushikilia, pamoja na tundu la pini hiyo kwenye kola, kile kikombe kinachoizunguka nguzo ya usukani chini kidogo ya usukani. Tundu lililokuwa duara linageuka umbo la yai. Ukichomeka mkono mpya hapo, utalegea vilevile.

Dalili zinajieleza. Mkono unaning'inia chini kuliko zamani na unagongagonga gari likipita kwenye mashimo. Kwenye gia tatu za mtindo wa Kimarekani, namba moja na rivasi zinapatikana kwa kuuvuta mkono kuja kwako. Mbili na tatu ziko upande wa pili, ambako springi inausukuma mkono ukae wenyewe. Kwa hiyo mbili na tatu zikiingia vizuri huku moja na rivasi zikikataa, ujue ule mvuto hautoshi. Nusu yake inaishia ndani ya tundu lililopanuka, na bomba la ndani linalochagua gia halisogei inavyotakiwa. Ndipo gia zinapokwama katikati na dereva anashuka kufungua boneti azikwamue kwa mkono.

Hata hivyo, usifungue kitu kabla ya kujua mlegeo uko wapi. Zima injini, vuta breki ya mkono, weka vizuizi kwenye magurudumu. Mweke mtu kwenye kiti auchezeshe mkono polepole, bila nguvu, nawe uufuatilie mwendo kutoka juu kwenda chini. Mkono ukisogea na kola ikabaki imetulia, tatizo ni pini na tundu lake. Kola ikisogea lakini vikono vilivyo chini ya nguzo vikachelewa, ubovu uko ndani ya nguzo, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Vikono vikisogea na fito zinazoelekea kwenye gia boksi zikachelewa, ni bushi za fito, yaani vipete vya kwenye viungo vyake, zilizolika. Mara nyingi utakuta mlegeo kidogo hapa na kidogo pale, lakini mmoja ndio mkubwa. Anza na huo.

Tuseme ni pini. Hapa ndipo watu wanapoharibu mengi kuliko waliyokuja kutengeneza, na mharibifu ni nyundo. Magari mengi ya Marekani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 yana nguzo ya usukani inayojikunja ajali ikitokea, ili isimchome dereva kifuani. Ndani ya nguzo nyingi za aina hiyo vipande vimeshikanishwa kwa vipini vya plastiki, ambavyo kazi yao ni kukatika siku ya ajali. Ukiipiga kola kwa nyundo bila kuizuia upande wa pili, unaweza kuvikata ukiwa umeegesha nyumbani. Utaondoka na mkono uliokaza na usukani unaotikisika, na kinga ile ya kifua imeharibika.

Mimi natumia klampu ya umbo la C. Upande mmoja naweka panchi fupi, yaani kijiti cha chuma cha kusukumia pini, nyembamba kuliko pini kidogo, upande wa pili naweka soketi ambayo pini itaingia ndani yake inapotoka. Napulizia mafuta ya kulegeza kutu mapema na kuyapa muda yapenye. Kisha nakaza klampu taratibu. Pini inatoka bila nguzo kupata mshtuko wowote. Kama klampu haipati nafasi na nyundo haikwepeki, basi mtu aegemeze kipande kizito cha chuma upande wa pili wa kola, nawe upige mapigo mafupi. Jambo jingine: kama mkono wako una kitufe mwishoni, ndani yake mna waya. Tenganisha betri, utafute kiungio cha waya huo kwanza, ndipo uuvute mkono.

Pini ikishatoka, tazama tundu kwenye mwanga. Kama limelika kidogo tu, dawa ni pini nene zaidi kwa saizi moja. Toboa masikio yote mawili ya kola kwa mkupuo mmoja, kutoka upande mmoja hadi wa pili, yasije yakapishana. Tundu la kwenye mkono nalo lipanuliwe kwa kiasi hichohicho. Kama limelika sana, napendelea kutia bushi: unatoboa tundu kubwa lililo duara, unasukumiza kibomba chembamba cha chuma au shaba nyeusi, na pini ya saizi ya awali inapita ndani yake. Kazi inakuwa ndefu, lakini siku nyingine kikilika unabadilisha kibomba na kola inabaki salama. Angalia tu ukuta wa kola unaobaki usiwe mwembamba. Ukiwa mwembamba utapasuka, na hapo tafuta kola nyingine.

Kuchomelea? Ncha ya ndani ya mkono, ndiyo. Hiyo ni chuma. Ikilika unaijaza kwa kuchomelea, mkono ukiwa nje ya gari, halafu unaichonga kwa tupa hadi ikae sawa. Lakini kola nyingi ni za aloi ya zinki, ambayo huyeyuka karibu na nyuzi 400 za Selsiasi. Fundi wa kuchomelea aliyezoea mageti ataigusa mara moja tu na itamdondokea miguuni.

Na jamani, msumari si pini. Msumari ni laini, unapinda na kulika upesi. Bolti yenye meno mwili mzima ni mbaya zaidi, kwa sababu meno yale yanalipalasa tundu kila unapobadilisha gia. Pini ya asili kwa kawaida ni chuma cha springi kilichokunjwa kama kibomba chenye mpasuo; kinajibana chenyewe tunduni na hakitoki. Tafuta hiyo.

Rudishia na grisi kiasi, usisahau springi bapa ya kuzuia kelele kama gari lako linayo. Huko chini, bushi za fito ni kazi rahisi: toa zilizolika, tia mpya. Nguzo nyingi za gia tatu zina tundu kwenye kila kikono, na vikono vyote vikiwa nyutro, yaani bila gia, matundu hayo yanalingana. Pitisha chuma chembamba kilichonyooka humo, legeza vishikizo vya fito, hakikisha gia boksi nayo iko nyutro, kisha kaza na kukitoa chuma.

Wenye gia otomatiki wasikilize zaidi. Mkono uliolegea unaweza kuonyesha P, nafasi ya kuegesha, ilhali gia boksi haijaingia P sawasawa, na gari likajitupa rivasi dereva akiwa ameshashuka. Malalamiko ya magari kutoka P na kuingia rivasi yenyewe yalikuwa makubwa Marekani hadi mwaka 1980 Ford ikakubaliana na serikali kuwatumia wamiliki wa magari takribani milioni 23 stika za kuwakumbusha kuingiza P kikamilifu, kuvuta breki ya mkono na kuzima injini. Hivyo ukimaliza kutengeneza, pitia kila nafasi kuanzia P hadi ya mwisho, usikilize mbofyo wa gia boksi ikiingia, ulingane na mshale unaoonyesha gia. Jaribu pia kuwasha injini ukiwa umekanyaga breki: iwake kwenye P na N (nyutro) pekee. Ikiwaka kwenye nafasi nyingine, fito au swichi haijakaa sawa, na gari lisitoke hapo lilipo.