Unakwenda kuonana na mnunuzi mkubwa Dodoma? Soma hii kwanza

Vijana wanaonifuata kuniuliza namna ya kuingia kwenye kikao na hoteli au ofisi kubwa hapa Dodoma huanza na mavazi. Vaa nguo safi iliyopigwa pasi, yatosha. Vumbi la mji huu litakufikia hata ukija na gari, basi beba kitambaa ufute viatu kabla ya kufika getini. Swali lenye faida ni jingine: ukitoka mle ndani, unataka uwe umepata nini?

Mimi nakamua mafuta ya alizeti, karakana iko Kizota. Kwenye kazi yetu kikao cha kwanza kina majibu matatu ya maana: mteja akupe oda ya majaribio, au akubali kubaki na sampuli aipeleke jikoni, au akuelekeze kwa mtu anayeamua. Chagua moja kabla hujatoka nyumbani. Anayeingia akitaka oda, mkopo, mtaji na ushauri kwa mpigo hutoka na ushauri, maana ndicho kitu cha bure.

Wakati nao una mambo yake. Bunge la bajeti huanza Aprili na kwenda mpaka mwisho wa Juni. Miezi hiyo hoteli zinajaa, mafuta yanatumika kwelikweli, lakini afisa ununuzi hana hata nafasi ya kukaa. Ukitaka kuuza msimu wa Bunge, omba kikao Februari au mapema Machi. Asubuhi ya saa nne ni chai kwenye ofisi nyingi, na Ijumaa mchana watu wanakwenda msikitini. Saa tatu na nusu siku ya Jumanne au Jumatano ndiyo huwa naiomba mimi.

Kwa ofisi za serikali, andika barua, chapa nakala mbili. Moja unaiacha masijala, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa unabaki nayo. Wiki mbili baadaye ukiambiwa barua haionekani, utakuwa na cha kuonesha. Na Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, si jirani kama Majengo; ukitokea katikati ya mji jipe muda wa barabarani na wa getini, beba na kitambulisho. Jambo moja walielewe vizuri wanaoanza: hakuna ofisa wa kukupa zabuni mezani. Ununuzi wa umma unapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, jisajili huko kwanza. Kikao ni cha kujua wanahitaji nini na vigezo vyao ni vipi. Ukianza kudokeza kuhusu "asante" ya baadaye umejiharibia, na unaweza kuwa umejiingiza kwenye mikono ya TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa.

Mapokezi watu wanapadharau. Sekretari ndiye anayejua bosi ameamkaje leo, na ndiye atakayekumbuka jina lako ukipiga simu wiki ijayo. Akiwa mtu mzima, shikamoo haikupunguzii kitu. Ila usimwamkie meneja wa rika lako shikamoo eti kwa sababu ana ofisi. "Habari za kazi" inatosha, ukizidisha anaona unajipendekeza. Ndani subiri uoneshwe kiti. Ukiletewa maji au chai, pokea hata kama utakunywa funda moja. Simu ya mwenyeji ikilia ataipokea, ndivyo tulivyo. Yako iwe imezimwa sauti, na yeye akiongea usitoe ya kwako kuanza kuperuzi.

Sasa sampuli. Usiishike mkononi ukiielezea kama mtu anayenadi mnadani. Iweke mezani upande wake, nyamaza. Mnunuzi anayejua mafuta ataigeuza chupa chini juu na kuitazama kwenye mwanga wa dirisha kama ina mashapo. Halafu atafungua kifuniko anuse. Wengine wanadondosha tone kiganjani na kulisugua kwa kidole gumba. Hizo sekunde chache zinakuwa ndefu na ulimi unawasha, lakini mwache. Atakachouliza baada ya hapo ndicho kinachomhangaisha: kama ni harufu, kama ni povu kikaangioni, kama ni lebo na alama ya TBS. Jibu hilo hilo alilouliza. Kama alama ya ubora hujaipata, sema umefikia hatua gani. Akija kugundua mwenyewe baadaye hakuna kikao cha pili.

Kisha linakuja swali la bei, na hapa ndipo wengi wanaponiudhi. Anaulizwa dumu la lita 20 shilingi ngapi, anajibu "tutaelewana tu, bosi". Mnunuzi akisikia hivyo anajua hujui gharama zako, na kuanzia hapo bei anaipanga yeye. Taja namba. Iwe umeshahesabu mbegu, umeme, dumu lenyewe, usafiri na kodi, ukatoa na unachopata ukiuza mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua. Kumbuka pia kwamba alizeti huku kwetu inaanza kuvunwa karibu Mei, mbegu inashuka, halafu inapanda kadiri ghala zinavyokauka. Usiahidi bei moja ya mwaka mzima kwa furaha ya kupata oda. Sema bei hii ni ya miezi mitatu, tutaitazama tena.

Uliza malipo kabla ya kusema ndiyo. Hoteli ikisema inalipa siku 30 baada ya ankara, piga hesabu hapo hapo: umepeleka madumu 10 tarehe 1 Machi, ukilipwa ni tarehe 31, na mzigo wa Aprili unatakiwa uwe tayari umeshakamuliwa. Kwa maneno mengine wewe ndiye unayewakopesha, na unahitaji mtaji wa mizigo miwili. Si dhambi kuomba siku 14, au nusu wakati wa kupokea. Sijawahi kuona mnunuzi wa kweli akikasirishwa na swali hilo.

Jioni ya siku hiyo hiyo mwandikie ujumbe mfupi. Mimi huandika hivi: "Habari za jioni Mama. Nashukuru kwa muda wako. Tulivyoelewana ni madumu 10 kila mwezi kuanzia tarehe 1, malipo ndani ya siku 14 baada ya ankara. Kama kuna nilipokosea naomba unirekebishe." Ujumbe huo umeniokoa kwenye mabishano kuliko mkataba wowote, hasa afisa ununuzi anapohamishwa na anayekuja akasema hajui chochote.

Akikuambia "tutakupigia", mpe wiki moja kisha piga wewe, saa za kazi. Akirudia jibu lile lile, mshukuru, ulizia kama unaweza kupita baada ya Bunge, na sampuli inayofuata ipeleke hoteli nyingine.